Maswali Yenu: Jarida la Jiografia Hupimwa kwa Mizani Ipi?

Toleo lililopita liligusia kwa mistari michache suala la majarida ya kitaaluma na namba zinazobandikwa juu yao, na tangu hapo barua zimemiminika. Nimechagua nne, zote zikihusu jiografia, kwa sababu hilo ndilo somo nililolifundisha na kulihariri kwa miaka mingi kabla ya kukabidhiwa safu hii. Barua nyingine zinazofanana na hizi zitapata majibu yake humu humu.

*

Ndugu Mhariri, mimi ni mhadhiri msaidizi wa jiografia katika chuo kimoja hapa Mbale. Nimeomba kupandishwa cheo, na kamati imenirudishia jalada ikinitaka niandike, mbele ya kila makala niliyochapisha, namba ya "impakti fakta" ya jarida lililoitoa. Makala zangu mbili zinahusu maporomoko ya ardhi katika miteremko ya Mlima Elgon. Moja imo katika jarida lenye 0.8, na nyingine imo katika jarida lisilo na namba yoyote, ingawa hiyo ndiyo ambayo maafisa wa wilaya huja kuniomba nakala yake. Mwenzangu wa kemia amechapisha katika jarida lenye 5. Je, kazi yake ni bora mara sita kuliko yangu?
Mhadhiri msaidizi, Mbale

Hapana, Mwalimu, na kabla ya kukasirika ni vyema tukaifungua namba yenyewe tuone kilichomo, maana wengi wanaoitaja kwenye vikao hawajawahi kuikokotoa hata mara moja.

Kile ambacho wahadhiri wetu hukiita impakti fakta, nami nitakiita kipimo cha athari, kilitokana na kazi ya Mmarekani Eugene Garfield, ambaye mwaka 1955 alipendekeza katika jarida la Science kwamba maandishi ya kisayansi yaorodheshwe kwa kufuata nani amemrejelea nani. Orodha hiyo ilipokwisha kuwa kitabu kikubwa, taasisi yake ya Philadelphia ilianza mwaka 1975 kutoa ripoti ya kila mwaka ya majarida, na ripoti hiyo ndiyo ambayo leo iko mikononi mwa kampuni ya Clarivate. Niliwahi kuitumia ikiwa bado ya karatasi: majuzuu mazito yenye herufi ndogo kama mbegu za wimbi, unasoma kwa kioo cha kukuzia huku kidole kikishikilia mstari usipotee. Shabaha ya kwanza haikuwa kupandisha watu vyeo. Orodha ilikusudiwa kumsaidia mtafiti kufuata wazo linakotoka na linakokwenda, na ule ulinganisho wa majarida ukawasaidia wakutubi kuamua walipie majarida yapi kwa fedha kidogo walizo nazo.

Hesabu yake ni nyepesi: unachukua marejeleo ya mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia, unayagawa kwa idadi ya makala hizo. Tuchukue jarida la mfano, ambalo mwaka 2023 lilitoa makala 18 na mwaka 2024 likatoa 22, jumla 40. Katika mwaka 2025, majarida yote yaliyomo ndani ya Web of Science, hifadhidata ya Clarivate, yalizirejelea makala hizo mara 30. Gawa 30 kwa 40, upate 0.75, na hicho ndicho kipimo cha athari cha jarida letu kwa mwaka 2025. Sasa angalia hizo 30 zimetoka wapi. Tuseme makala moja, inayoeleza mbinu ya kusoma picha za setilaiti, imerejelewa mara 20, makala nyingine nane zimegawana 10 zilizobaki, na makala 31 hazikuguswa na mtu. Mwandishi wa mojawapo ya hizo 31 ataandika 0.75 kwenye jalada lake sawasawa na yule wa setilaiti. Ukiiondoa ile makala moja tu, jarida zima linashuka hadi 10 kwa 39, yaani 0.26, na hakuna mhariri aliyefanya kazi vibaya zaidi kwa sababu hiyo.

Mfano huo nimeutunga, lakini yaliyotokea kwa majarida ya kweli ni makubwa zaidi. Jarida la fuwele Acta Crystallographica, tawi lake la A, lilikuwa na kipimo cha takriban 2 mwaka 2008, kisha mwaka 2009 likaruka hadi karibu 50, kwa sababu ya makala moja iliyoeleza programu ya kompyuta ya SHELX ambayo kila mtumiaji wake alilazimika kuirejelea. Nature nao walipojichunguza waligundua kwamba asilimia 89 ya marejeleo yaliyojenga kipimo chao cha mwaka 2004 yalitokana na asilimia 25 tu ya makala zao. Kwa hiyo wastani wa jarida haukuambii lolote la hakika juu ya makala uliyonayo mkononi, kama vile wastani wa mvua ya Uganda usivyoweza kumwambia mkulima wa Karamoja apande lini.

Kuhusu mwenzako wa kemia, tofauti yenu inaanzia kwenye saa. Mkemia hurejelea kazi za jana na juzi, na kila makala yake hubeba orodha ndefu ya kazi hizo. Mwanajiografia, hasa yule wa upande wa jamii, husoma vitabu, ramani za zamani na taarifa za miaka 30 iliyopita, huandika polepole, na mara nyingi kazi yake huanza kurejelewa wakati ule muda wa miaka miwili umeshapita. Hata ndani ya jiografia hatulingani, ndiyo maana Clarivate wenyewe wanaiweka jiografia ya maumbile katika kundi tofauti na jiografia ya jamii. Jarida kama Progress in Human Geography hupata namba kubwa kwa kuwa kazi yake ni kuchapisha tathmini za maandishi ya wengine, na tathmini hurejelewa kuliko utafiti wa kijiji kimoja. Kama kamati yako inataka namba kwa vyovyote, wape nafasi ya jarida ndani ya kundi lake, yaani liko katika robo ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne ya majarida ya jiografia. Kwa njia hiyo walau utakuwa umelinganishwa na wenzako.

Umetaja Elgon, basi niseme la karibu nawe. Mwaka 2006 jarida la Geomorphology lilichapisha utafiti juu ya maporomoko ya Manjiya, eneo lile ambalo leo tunalijua kama Bududa, ukieleza jinsi miteremko mikali, udongo wa mfinyanzi na tabia ya kuuchimba mteremko ili kupata kiwanja cha nyumba vinavyochangia ardhi kuporomoka. Kwa kanuni ya miaka miwili, makala hiyo ilihesabika katika kipimo cha mwaka 2007 na cha mwaka 2008, kisha mlango ukafungwa. Tarehe 1 Machi 2010 mlima ukashuka juu ya kijiji cha Nametsi na kufukia mamia ya watu. Kila mtafiti aliyeirudia makala ile baada ya siku hiyo, na kila ofisa aliyeitafuta ili ajue watu wahamishwe kutoka wapi, hakuongeza hata nukta moja kwenye kipimo cha athari cha jarida. Tena ofisa asingehesabika hata angekuja ndani ya ile miaka miwili, kwa sababu taarifa ya wilaya, ramani ya hatari au waraka wa wizara si jarida lililomo kwenye hifadhidata. Kwa maoni yangu, kipimo kinachokosa kuiona Bududa si mizani ya kumpimia mwanajiografia wa Mbale.

Unachoweza kufanya ni hiki. Andika namba waliyoitaka, usibishane nayo, kisha chini ya kila makala weka mistari mitatu au minne: imerejelewa mara ngapi yenyewe, na nani, katika nchi zipi, na imetumika wapi nje ya chuo. Zile barua za maafisa wa wilaya zitafute, uziambatanishe zikiwa na tarehe na muhuri. Ukiulizwa umepata wapi utaratibu huo, taja Azimio la San Francisco lililoandaliwa Desemba 2012, ambalo pendekezo lake la kwanza linakataa kipimo cha jarida kutumika badala ya ubora wa makala ya mtu mmoja mmoja katika kuajiri na kupandisha vyeo. Taja pia Manifesto ya Leiden ya mwaka 2015, ambayo kanuni yake ya tatu kati ya kumi inataka utafiti wenye maana kwa mahali fulani ulindwe. Hizo ni hoja za wahariri wa majarida na za wanasayansi wa vipimo wenyewe, kwa hiyo kamati haitaweza kusema kwamba ni malalamiko ya mtu aliyekosa namba.

*

Mhariri mpendwa, idara yetu huku kaskazini ina jarida dogo la jiografia na mazingira, sasa lina miaka minne. Mkuu wa idara anataka lipate kipimo cha athari ndani ya miezi 12, na amependekeza kila mwandishi alazimishwe kurejelea angalau makala tatu za jarida letu. Mimi ndiye katibu wa bodi ya wahariri. Nifanye nini?
Katibu wa bodi, Gulu

Ndugu Katibu, la kwanza kabisa ni kumzuia mkuu wako kwa upole asiandike pendekezo hilo katika maelekezo kwa waandishi, maana likishaandikwa litasomwa na watu msiowatarajia. Ripoti ya Clarivate huonyesha waziwazi ni sehemu gani ya marejeleo ya jarida inayotoka kwa jarida lenyewe, na kila mwaka majarida kadhaa hunyimwa namba kwa sababu ya kujirejelea kupita kiasi au kwa kupeana marejeleo na majarida rafiki. Mwandishi anayelazimishwa naye hurudi nyumbani akiwasimulia wenzake, na katika nchi ambayo wanajiografia wote wanajuana hilo si jambo dogo.

La pili, miezi 12 haitoshi. Scopus, hifadhidata nyingine kubwa ya majarida, haiangalii jarida lisilo na historia ya uchapishaji ya miaka miwili kwa uchache. Hapo ninyi mko salama, mradi matoleo ya miaka hiyo minne yalitoka kweli. Clarivate wana vigezo 28, ambapo 24 ni vya ubora na vinne ni vya athari. Jarida likivuka vile 24 huingia katika orodha ya majarida yanayochipukia, iliyoanzishwa mwaka 2015, na likivuka na vile vinne huhamia katika orodha kuu. Habari njema kwenu ni kwamba tangu ripoti iliyotoka Juni 2023 hata majarida yanayochipukia hupewa kipimo cha athari, jambo ambalo halikuwapo zamani. Lango limepanuka, ila hakuna aliyeliondoa bawaba.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, ambayo haina fahari yoyote. Fungua tovuti ya jarida lenu kama mgeni asiyewajua. Je, toleo la Juni lilitoka Juni, au lilitoka Novemba likiwa limebandikwa Juni? Je, ISSN, yaani namba ya kulitambulisha jarida, iliyo kwenye ukurasa wa nyuma inafanana na ile iliyosajiliwa, au mliposogeza jarida mtandaoni mlisahau kuomba ya pili? Je, kila makala ina ikisiri na DOI, kitambulisho chake cha kudumu mtandaoni, na ukikibonyeza kinakupeleka kwenye makala au kwenye ukurasa mtupu? Je, majina ya bodi ni ya watu wanaojua kwamba wamo? Nimewahi kuhariri jarida ambalo mjumbe mmoja wa bodi alikuwa amefariki miaka sita nyuma, nasi tulikuwa tukiendelea kumwandika na kumtakia afya njema katika tahariri ya kila Januari. Nililiona kosa hilo baada ya mjane wake kutuandikia.

Jambo ambalo wahariri wengi hawalijali ni tahajia za marejeleo. Mashine inayohesabu haina huruma: makala zenu zikirejelewa kwa jina la jarida lililofupishwa kwa namna tano tofauti, mwaka ukiwa umekosewa na namba ya juzuu haipo, baadhi ya marejeleo hayo yatapotea njiani. Amueni kifupisho kimoja, mkiweke juu ya kila ukurasa wa kwanza pamoja na mfano wa jinsi makala hiyo inavyopaswa kurejelewa. Kazi hiyo ni ya alasiri moja.

Kisha muingie katika orodha za wazi kabla ya zile kubwa. African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998 na yenye makao yake Afrika Kusini, imejengwa kwa ajili ya majarida kama lenu, na orodha ya DOAJ, iliyoanza mwaka 2003, hupokea majarida yanayosomwa bure baada ya kukagua utaratibu wao wa mapitio. Mwanafunzi wa Makerere au wa Dodoma akiweza kulisoma jarida lenu bila kulipa, marejeleo yatakuja kwa mwendo wake.

Mkuu wako ukipata naye nafasi ya chai, mkumbushe historia ya hapa hapa nyumbani. Mwaka 1963 Chama cha Jiografia cha Uganda kilianza kutoa East African Geographical Review mjini Kampala. Lilisomwa mbali sana, na lilianza miaka 12 kabla ya ripoti ya kwanza ya Garfield juu ya majarida. Jarida hilo bado lipo, ila leo linaitwa African Geographical Review na mchapishaji wake ni Taylor & Francis. Mimi huwa nawaza juu ya safari hiyo kila ninaposikia idara ikiomba namba: jarida letu limekuwa na jina kubwa zaidi na wasomaji wengi zaidi, lakini mwalimu wa sekondari wa Soroti aliyekuwa akipokea nakala yake kwa posta hana tena posta wala nakala. Ipo athari iliyoongezeka na ipo iliyopungua, na hiyo iliyopungua hakuna aliyeihesabu.

*

Mzee wetu, mimi ni mkutubi. Wahadhiri hunijia na majina mengi: CiteScore, SJR, SNIP, h-5. Nishike lipi nikiulizwa kuhusu majarida ya jiografia?
Mkutubi, Mbarara

Usishike moja, ndugu yangu. CiteScore ya Scopus, tangu ilipobadilishwa mwaka 2020, huchukua makala za miaka minne na marejeleo ya miaka hiyo hiyo minne, kwa hiyo huivumilia jiografia kuliko ile saa ya miaka miwili, na hutolewa bure. SJR haihesabu marejeleo yote kuwa sawa. Rejeleo kutoka jarida lenye hadhi lina uzito zaidi, na mimi kipimo hicho sikipendi sana kwa sababu huwaongezea walio nacho. SNIP, iliyotoka Leiden mwaka 2010, hurekebisha tofauti za tabia ya urejeleaji kati ya fani na fani, na ukilazimika kulinganisha jarida la jiografia na la kemia mbele ya kamati, hiyo ndiyo ya kuichukua.

Fahirisi ya h ilibuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005 kwa ajili ya mtu, si jarida: mtu mwenye h ya 9 ana makala tisa ambazo kila moja imerejelewa angalau mara tisa. Google Scholar huitumia kwa majarida, ikihesabu makala za miaka mitano, nayo ndiyo h-5 uliyoitaja, na faida yake kwetu ni kwamba huokota pia vitabu, tasnifu na taarifa, na hata makala za Kiswahili ambazo hifadhidata kubwa hazizioni. Hasara yake ni kwamba huokota na takataka. Ukimpa mhadhiri namba, mwandikie chini yake ni ya chanzo kipi na ya mwaka upi. Nimeona majalada ambamo mtu amechanganya namba tatu za vyanzo vitatu, kila makala ikipewa ile iliyoonekana nono zaidi.

*

Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili Kampala, nasoma matumizi ya ardhi kandokando ya Ziwa Viktoria. Nimepata barua pepe kutoka jarida la kimataifa la jiografia, uhandisi na tiba. Wanasema kipimo chao cha athari ni 7.9, watachapisha ndani ya siku tano, nami nilipe dola 150. Msimamizi wangu yuko safarini. Nikubali?
Mwanafunzi, Kampala

Usikubali. Jarida linalokusanya jiografia, uhandisi na tiba katika kapu moja halina mhakiki wa kuisoma kazi yako ya Ziwa Viktoria, na siku tano hazimtoshi mhakiki yeyote hata kuijibu barua ya kumwomba aisome. Hiyo 7.9 usiikubali kwa maneno matupu. Nenda kwenye orodha kuu ya majarida ya Clarivate, ambayo hutafutwa bure mtandaoni, uandike namba ya ISSN ya jarida hilo badala ya jina lake, kwa kuwa majina hughushiwa yafanane na ya majarida halali. Lisipoonekana humo, hiyo 7.9 haikutolewa na Clarivate. Zipo ofisi zinazouza namba zenye majina yanayokaribiana na ile ya kweli, na jarida hulipia ili lipewe. Utokako huko pita pia kwenye orodha ya vyanzo vya Scopus na kwenye DOAJ.

Ikiwa tayari umewatumia makala, waandikie leo kwa maneno machache kwamba umeiondoa, uhifadhi nakala ya barua hiyo, na usitie saini fomu yoyote ya hakimiliki watakayokutumia. Wakidai ada ya kuondoa, usilipe. Hali hiyo hiyo mweleze msimamizi wako hata kama yuko safarini, kwa sababu makala ikitokea mtandaoni bila ridhaa yako, ni yeye atakayeulizwa na jarida halali utakalolipelekea baadaye.